Intaneti inaposumbua nyumbani: jua kwanza imekatikia wapi

Intaneti ikikata, wengi hukimbilia kuchomoa ruta. Ikirudi wanashukuru, ikikata tena kesho wanachomoa tena. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba inafuta ushahidi: taa zilivyokuwa zinawaka, anwani zilivyokuwa zimegawiwa, na kumbukumbu za ndani ya ruta, ambazo katika ruta nyingi za nyumbani hupotea umeme ukizimwa. Kabla ya kuchomoa chochote, tumia dakika tano kujua tatizo liko sehemu gani ya njia. Ukishalijua, mengi utayamaliza mwenyewe, na yale ya mtoa huduma utamweleza kwa namna ambayo hawezi kukuzungusha.

Njia yenyewe ina vipande vinne. Kwanza ni laini inayoingia nyumbani: faiba, waya wa simu, kebo ya televisheni au mawimbi ya mnara. Pili ni kifaa kinachoipokea laini hiyo, yaani modemu au kiboksi cha faiba, pamoja na ruta. Siku hizi mara nyingi vyote viko ndani ya kasha moja. Tatu ni kiungo kati ya ruta na wewe, iwe Wi-Fi au waya. Nne ni simu au kompyuta yako. Swali la kwanza ni rahisi: je, vifaa vyote ndani ya nyumba vimekosa intaneti, au ni kimoja tu? Kama ni kimoja, ruta na laini ni nzima, usiziguse. Ruka hadi sehemu ya kifaa kimoja. Kama ni vyote, anza na taa.

Taa zinasema nini

Majina ya taa hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji, lakini haya ndiyo ya kawaida. Kwenye faiba, taa ya PON ikiwaka kijani bila kupepesa, kifaa kimeungana na mtambo wa mtoa huduma. Ikipepesa mfululizo, bado kinajaribu kujitambulisha na hakijakubaliwa. Taa ya LOS inatakiwa iwe imezimika kabisa. Ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na hakuna mpangilio wowote ndani ya ruta utakaorekebisha hilo. Kwenye laini ya simu taa ya kuangalia ni DSL. Kwenye kebo ya televisheni mara nyingi ni Online.

Taa ya Internet au WAN ina habari nyingine. Ikiwa nyekundu huku PON au DSL iko sawa, laini ipo lakini hujaruhusiwa kupita: kifurushi kimeisha, malipo hayajaingia, jina la mtumiaji au nywila ya muunganisho imefutika, au kuna hitilafu upande wa mtoa huduma. Anza na kifurushi. Ni jambo dogo, lakini ndilo husahaulika.

Taa ya WLAN ikizimika, Wi-Fi yenyewe imezimwa. Ruta nyingi zina kitufe kidogo cha Wi-Fi nyuma au ubavuni, na hubonyezwa bila kukusudia wakati wa kufuta vumbi.

Piga picha ya taa kwa simu kabla hujazima kitu. Utaihitaji ukimpigia mtoa huduma.

Vipimo vitatu vya ping

Ping ni amri inayotuma ujumbe mdogo kwa anwani fulani na kusubiri jibu. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na hakihitaji kifaa cha ziada. Kwenye Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta ufungue dirisha la amri. Kwenye Mac na Linux fungua Terminal. Kwenye simu, kuna programu nyingi za bure za kupima mtandao zenye ping ndani yake. Windows ukiandika `ipconfig`, utaona mstari wa "Default Gateway": hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika hizi, moja baada ya nyingine:

1. `ping 192.168.1.1` (weka anwani ya ruta yako)
2. `ping 1.1.1.1` (anwani ya seva iliyo nje, kwenye intaneti)
3. `ping wikipedia.org`

Ya kwanza ikishindwa, tatizo liko kati yako na ruta: Wi-Fi, waya, au ruta imeganda. Ya kwanza ikipita na ya pili ikashindwa, nyumbani kwako kuko salama. Kilichokatika ni laini, au ruta haijaunganishwa na mtoa huduma. Mbili za kwanza zikipita na ya tatu ikashindwa kwa kusema jina halikupatikana, intaneti ipo, ila DNS haifanyi kazi, yaani ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Zote tatu zikipita na bado kurasa hazifunguki, shida iko kwenye kivinjari, VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine), au saa ya kifaa.

Usiangalie tu kama jibu limerudi, angalia limechukua muda gani. Kwa waya, ruta inatakiwa ijibu chini ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi nzuri, kati ya 2 na 10. Ukiona 3, 5, 180, 4, 260, Wi-Fi inayumba hata kama haijakata. Kwa tatizo la kuja na kuondoka, kwenye Windows andika `ping -t 192.168.1.1` kwenye dirisha moja na `ping -t 1.1.1.1` kwenye jingine, uziache zikienda kwa nusu saa. Zikikatika zote mbili kwa pamoja, kosa ni Wi-Fi au ruta. Ikikatika ya pili peke yake, kosa ni laini.

Ukiangalia matokeo ya `ipconfig` ukakuta anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa ya kwake. Kwa anwani hiyo huendi popote. Andika `ipconfig /release` halafu `ipconfig /renew`. Ikikataa, anzisha ruta upya. Ikikataa tena, ingia kwenye mipangilio ya ruta uangalie kama DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa) imewashwa na kama anwani zake zimebaki. Ruta iliyopangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.119 ina nafasi 20 tu, na siku hizi simu, televisheni, kamera na saa za mkononi humaliza nafasi hizo haraka. Isitoshe, simu mpya hutumia anwani za MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) za kubuni ili kulinda faragha, na baadhi huibadilisha mara kwa mara, hivyo simu moja inaweza kuhesabiwa kama vifaa vitatu. Panua hadi 192.168.1.250, na muda wa kukopesha anwani uwe saa 24 au pungufu.

Kuzima na kuwasha kwa utaratibu

Kuanzisha upya kunasaidia kweli pale ruta inapoganda, ila kufanywe kwa mpangilio. Chomoa umeme wa modemu na wa ruta kama ni vifaa viwili. Subiri sekunde 30, ili umeme uliobaki kwenye vijenzi vya ndani uishe na kumbukumbu isafike. Washa modemu peke yake, uiache dakika 2 hadi 3 mpaka taa zitulie. Ndipo uwashe ruta, usubiri dakika 2 nyingine. Ukiwasha vyote kwa pamoja, ruta inaweza kuomba anwani kabla modemu haijawa tayari, ikabaki bila muunganisho huku kila taa ikionekana sawa.

Ruta inayohitaji kuzimwa kila siku mbili tatu inaumwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Adapta iliyochoka huwasha taa zote vizuri, kisha volti hushuka pale kazi inapozidi, na ruta inajizima na kujiwasha au kukata Wi-Fi peke yake. Soma maandishi yaliyo chini ya ruta: kama yanasema 12V 1.5A, adapta mbadala iwe 12V kamili, amperi 1.5 au zaidi, na ncha yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi. Amperi zikizidi hakuna tabu. Volti zikizidi utaunguza ruta. Mtuhumiwa wa pili ni joto. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati lililofungwa, au iliyobebeshwa king'amuzi, hupunguza kasi na hatimaye hukata. Iache matundu yake yapumue.

Sasa, onyo ambalo tungependa kila mtu alishike: kile kitufe cha ndani ya tundu kinachobonyezwa kwa pini kwa sekunde 10 hakiwashi ruta upya. Kinairudisha ilivyotoka kiwandani. Pamoja na jina na nywila ya Wi-Fi, kinafuta jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE (za kuingilia mtandao wa mtoa huduma), namba ya VLAN (ya njia anayoitumia mtoa huduma) na kila kitu fundi alichoandika siku ya kuunganisha. Watu wengi wamegeuza tatizo la dakika tano kuwa la siku tatu kwa pini hiyo. Kama hakuna budi, kwanza ingia kwenye ruta, fungua ukurasa wa WAN (upande wa mtoa huduma), upige picha kila ulichokikuta.

Laini yenyewe

Kwa faiba yenye LOS nyekundu, kuna mambo machache unayoweza kuyafanya bila zana. Fuata waya mwembamba kutoka kwenye kifaa hadi ukutani. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukikunjwa kwa kona kali mwanga huvuja nje ya uzi hata kama haujavunjika. Mzingo wake usiwe mdogo kuliko nusu kipenyo cha sentimita 3. Angalia kama umebanwa na mlango, mguu wa meza, au msumari wa kubania nyaya. Hakikisha kichwa kimeingia mpaka kikalia. Kichwa cha kijani na cha buluu havichanganywi: cha kijani kimesagwa kwa mshazari na cha buluu hapana, vikikutanishwa mwanga mwingi unapotea. Usiguse ncha ya kioo kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuizuia. Na usichungulie ndani ya ncha hiyo. Mwanga wake ni leza isiyoonekana kwa macho, na kutouona hakumaanishi haupo.

Kama ruta yako inaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, soma namba yake kwa dBm, kipimo cha nguvu ambacho namba ikikaribia sifuri nguvu ni kubwa zaidi. Kati ya -10 na -25 ni salama. Ikishuka hadi -27 au -28, laini iko ukingoni na itakata mara kwa mara. Hapo fundi wa mtoa huduma ndiye mwenye dawa, kwa kusafisha viungo au kuunga upya.

Kwa laini ya waya wa simu, kila simu ya mezani iwe na kichujio chake, na modemu iunganishwe kwenye soketi ya kwanza inayopokea laini, kwa waya mfupi. Jaribio zuri ni kuchomoa simu zote na kubakiza modemu pekee: laini ikitulia, mojawapo ya simu au vichujio ndiyo yenye kosa.

Kwa ruta ya laini ya simu ya mkononi, mahali pa kuiweka ni kila kitu. Fungua ukurasa wa hali ya mtandao utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi hayo). RSRP ya -80 au karibu na sifuri zaidi ni nzuri sana, -100 ni ya wastani, chini ya -110 ni taabu. SINR ikizidi 20 ni safi; ikiwa chini ya 0, kelele zimezidi ujumbe. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja kila mahali, uandike namba. Chagua penye SINR kubwa, hata kama RSRP imepungua kidogo, kwa sababu kasi hufuata usafi wa mawimbi zaidi ya ukubwa wake.

Wi-Fi, mahali penye lawama nyingi

Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba intaneti ni mbovu ni malalamiko ya Wi-Fi. Njia ya kuthibitisha ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha kupima. Kwa waya ikiwa safi, usimpigie mtoa huduma. Ataupima upande wake, ataukuta mzima, na simu itaishia hapo.

Anza na mahali. Ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya kimo cha kiuno, mbali na kuta za zege zenye nondo, friji, kioo kikubwa cha kujitazamia, hodhi la samaki na tangi la maji. Chuma na maji ndivyo maadui wakubwa. Kuiweka sakafuni nyuma ya televisheni ni kuizika. Antena za fimbo hutoa mawimbi ubavuni, si nchani, kwa hiyo ukiielekeza ncha ya antena kwenye chumba unachokitaka, unakinyima. Nyumba ya sakafu moja, simamisha antena zote wima. Nyumba ya ghorofa, laza moja.

Kisha masafa. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri, lakini ni nyembamba na imejaa: majirani, Bluetooth, na oveni ya maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu gigahezi 2.45 na inaweza kuua Wi-Fi ya jikoni kila inapowashwa. Gigahezi 5 ina kasi kubwa na nafasi nyingi, ila kuta mbili zinaidhoofisha. Kompyuta, televisheni na simu zilizo karibu ziwe kwenye 5. Balbu, kamera na vitu vya mbali vibaki kwenye 2.4. Kama ruta imeunganisha majina mawili kuwa moja na simu inang'ang'ania 2.4 hata ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, yatenganishe, kila masafa yawe na jina lake.

Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwa upana wa megahezi 20. Hizo tatu haziingiliani. Ukiweka 3 au 4 ukidhani umejitenga, unasumbuliwa na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 kwa pamoja, na wewe unawasumbua wote. Programu ya simu ya kupima Wi-Fi itakuonyesha majirani wako kwenye chaneli zipi na kwa nguvu gani. Kwenye 5, chaneli 36 hadi 48 hazina masharti ya rada. Zile za 52 hadi 144 mara nyingi huwa tupu na zinafaa, lakini sheria inaitaka ruta isikilize kwanza kama kuna rada, kwa dakika 1 au zaidi, na ikiisikia ihame. Kama Wi-Fi ya 5 hupotea ghafla kisha hurudi baada ya dakika, na wewe uko karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa, rudi kwenye 36 hadi 48.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm pia, na programu hizohizo zitakuonyesha. Karibu na -50 ni bora; -67 inatosha kwa video na mazungumzo ya video; kufikia -80 utaunganishwa kwa jina tu. Tembea na simu nyumba nzima, uandike namba ya kila chumba. Ramani hiyo ndogo itakuambia kama unahitaji kifaa cha pili au kusogeza ruta tu.

Ukihitaji kifaa cha pili, kirudiaji cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo hukata kasi karibu nusu. Wengi hukosea kwa kukiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi. Kirudiaji hakiumbi intaneti, kinarudia kile kinachokisikia. Kiweke katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado ni -65 au bora. Kilicho bora zaidi ni kuvuta waya hadi chumba cha mbali na kuweka ruta ya pili huko.

Jambo moja lisilotarajiwa: diski na nyaya za USB 3 hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Diski iliyochomekwa kwenye ruta au kwenye tundu la USB 3 la laptopu inatosha kuifanya Wi-Fi isuesue. Sogeza, ama hamia 5.

Kasi ndogo kuliko uliyolipia

Kwanza weka hesabu sawa. Vifurushi hutangazwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 40 inapakua megabaiti 5 kwa sekunde, na hapo imetimiza ahadi yake.

Pima kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, asubuhi, mchana na saa 3 usiku. Ikiwa asubuhi unapata karibu yote na usiku robo, msongamano uko kwa mtoa huduma, na vipimo vya siku tatu vyenye saa na namba ndiyo hoja yako. Ikiwa ni ndogo wakati wote, endelea kutafuta nyumbani.

Kasi inayogota karibu megabiti 94 bila kupita, kwenye laini iliyolipiwa zaidi, husema jambo moja mahususi: mahali fulani waya umeshuka hadi megabiti 100. Gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 inahitaji mbili tu, zinazotumia pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja ukikatika au pini ikichakaa, vifaa hushuka kimya kimya na kuendelea kufanya kazi. Badilisha kebo kwanza, tumia Cat5e au zaidi, ambayo hubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Ukibadilisha na namba ikabaki ileile, tazama kama ruta yenyewe ina matundu ya megabiti 100 tu. Ruta nyingi za bei nafuu ziko hivyo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na kasi ndogo ilhali kipimo cha kasi ni kizuri: kila kitu kinakwama mtu mmoja anapopakia video au simu inapohifadhi picha mtandaoni. Laini nyingi zina njia nyembamba ya kupakia, na ikijaa, ruta hupanga foleni ndefu ambamo maombi madogo ya kila mtu husubiri. Acha `ping -t 1.1.1.1` ikienda, kisha anza kupakia faili kubwa. Muda ukipanda kutoka 20 hadi 300 au 500, umeupata. Dawa ni kuwasha udhibiti wa foleni kwenye ruta, unaoitwa SQM au QoS, na kuuwekea kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyoipima, kwa kupakia na kwa kupakua. Unapoteza kasi kidogo, unapata nyumba inayopumua. Kama ruta haina, panga nakala za picha zifanyike usiku wa manane.

Majina hayapatikani, au baadhi ya tovuti tu hazifunguki

Ping ya tatu ikishindwa, andika `nslookup wikipedia.org`, halafu `nslookup wikipedia.org 1.1.1.1`. Ya kwanza ikikwama na ya pili ikajibu, seva ya DNS unayotumia ndiyo mbovu. Badilisha kwenye ruta ili nyumba nzima ipone: weka 1.1.1.1 na 1.0.0.1, au 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Kisha kwenye Windows andika `ipconfig /flushdns` ili kufuta majibu ya zamani.

Tovuti nyingine zikifunguka na nyingine zikining'inia bila kosa lolote, hasa kwenye laini ya PPPoE, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti (kipande cha data) inayoweza kupita. Andika `ping -f -l 1464 1.1.1.1` kwenye Windows. Ukijibiwa kwamba pakiti inahitaji kukatwa vipande, punguza kwa kumi kumi mpaka ipite, kisha ongeza 28 kwenye namba iliyopita. Jumla ndiyo MTU ya kuandika kwenye ukurasa wa WAN. Kwa PPPoE ya kawaida jibu huwa 1492.

Kifaa kimoja tu

Angalia saa na tarehe kwanza. Kifaa chenye tarehe isiyo sahihi hukataa vyeti vya usalama vya karibu kila tovuti, na mtu hudhani intaneti imekufa. Zima VPN, baadhi zimepangwa kuzuia mtandao wote zikishindwa kuungana. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, sahau mtandao kisha uungane upya kwa kuandika nywila. Kama simu ya zamani inakataa nywila iliyo sahihi baada ya ruta mpya kuwekwa, huenda ruta imepangwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) pekee. Weka hali inayochanganya WPA2 na WPA3. Kwenye Windows, ikibidi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `netsh winsock reset`, kisha washa kompyuta upya.

Ruta ya pili na waya uliozunguka

Ruta ya pili ikiongezwa bila kupangwa, zote mbili hugawa anwani, na vifaa hupata intaneti kwa kubahatisha. Kabla ya kuiunga, zima DHCP yake, ipe anwani kama 192.168.1.2 iliyo nje ya zile zinazogawiwa, kisha unganisha kebo kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) hadi tundu la LAN, tundu la WAN likiwa tupu. Ruta nyingi mpya zina chaguo la "Access Point" linalofanya yote hayo kwa mbofyo mmoja.

Na kama nyumba nzima imekufa ghafla huku taa za matundu yote zikipepesa kwa kasi na kwa pamoja, tafuta kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye ruta au swichi ileile. Pakiti zinazunguka bila mwisho. Chomoa ncha moja, mtandao utarudi ndani ya sekunde chache.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Uwe na mambo haya mkononi: namba ya akaunti, saa tatizo lilipoanza, picha ya taa, matokeo ya ping tatu, kasi uliyoipima kwa waya, na kwa faiba ile dBm. Mwambie moja kwa moja: ruta inajibu, 1.1.1.1 haijibu, nimepima kwa waya, nimeshazima na kuwasha saa ngapi. Omba namba ya tiketi, uiandike. Fundi akija, mwache apime mwanga au laini kabla hajabadilisha ruta, na umwombe akuonyeshe kipimo kabla na baada ya kazi. Kabla hajaondoka, unganisha kompyuta kwa waya, uache ping kwa dakika kumi. Ikipotea hata pakiti chache, kazi haijaisha.